Utunzaji wa ngozi na nywele

Utunzaji wa ngozi na nywele ni jumla ya mambo ambayo mtu hufanya kila siku ili ngozi na nywele zake ziwe safi, zisikauke na zisipate majeraha wala maradhi. Mambo hayo ni pamoja na kuoga, kupaka mafuta, kujikinga na jua, kula vizuri, kuchana na kusuka nywele kwa uangalifu, na kuepuka vipodozi vyenye kemikali za hatari.

Ingawa mara nyingi hutazamwa kama jambo la urembo tu, utunzaji huo ni sehemu ya afya. Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini: kwa mtu mzima eneo lake ni kama mita za mraba 1.5 hadi 2. Huzuia vijidudu kuingia na maji ya mwili kupotea, hupunguza joto kwa njia ya jasho, huhisi mguso na maumivu, tena hutengeneza vitamini D inapopata mwanga wa jua.

Katika Afrika ya Mashariki baadhi ya madhara makubwa ya ngozi na nywele hayatokani na uchafu wala uzembe, bali na vitu ambavyo watu hutumia ili wapendeze: krimu za kung'arisha ngozi, dawa za kunyoosha nywele na misuko inayobana mno. Kwa sababu hiyo, kujua jinsi ngozi na nywele zinavyojilinda zenyewe ni msingi wa kuzitunza.

Muundo wa ngozi

Ngozi ina matabaka matatu. Tabaka la juu huitwa epidemisi. Seli zake huzaliwa chini, husukumwa juu polepole, hufa na hatimaye hubanduka. Safari hiyo huchukua takriban wiki 4, na ndiyo sababu dawa nyingi za ngozi hazionyeshi matokeo baada ya siku mbili tatu. Tabaka la kati, demisi, lina mishipa ya damu, neva, mashina ya nywele, tezi za jasho na tezi za mafuta. Chini yake kuna tabaka lenye mafuta linalohifadhi joto na kuukinga mwili usiumie unapogongwa.

Tezi za mafuta hutoa sebamu, ambayo hulainisha ngozi na nywele. Juu ya ngozi sebamu huchanganyika na jasho na kufanya utando mwembamba wenye asidi kidogo. Utando huo huzuia bakteria na fangasi wengi wasistawi. Sabuni kali zenye alkali nyingi huuondoa, na ngozi hubaki kavu, yenye kuwasha na kupasuka.

Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi. Idadi ya melanositi karibu ni sawa kwa watu wote duniani. Tofauti ya rangi inatokana na kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa, na jinsi inavyosambazwa katika ngozi. Kazi ya melanini ni kunyonya miale ya urujuanimno ya jua kabla haijaharibu seli. Kwa hiyo rangi nyeusi ya ngozi si kasoro inayohitaji kuondolewa, bali ni kinga.

Muundo wa nywele

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Sehemu inayoonekana haina uhai. Sehemu hai ni shina lililo ndani ya ngozi. Kichwa cha mtu huwa na nywele kama 100,000, na kila unywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa miezi michache, kisha hudondoka na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Kwa sababu hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Baada ya kujifungua, wanawake wengi hupoteza nywele nyingi zaidi kwa miezi kadhaa, lakini kwa kawaida huota tena bila dawa yoyote.

Nywele za kipilipili, ambazo ndizo za Waafrika wengi, zikikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana kuwa bapa kidogo badala ya duara. Hukua kwa kujikunja, na sebamu haishuki kwa urahisi kutoka kichwani hadi ncha. Kwa hiyo hukauka upesi, na hukatika hasa pale zinapojikunja. Zinahitaji mafuta na unyevu zaidi kuliko nywele zilizonyooka, na zinahitaji kuvutwa kidogo zaidi.

Mazoea ya kila siku ya ngozi

Kuoga. Kwa watu wengi kuoga mara moja au mbili kwa siku kunatosha. Maji ya moto sana na kukaa muda mrefu bafuni huondoa mafuta ya asili. Sabuni inahitajika zaidi kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni na mikononi. Sehemu nyingine mara nyingi husafishika kwa maji na sabuni kidogo. Sabuni za mche na za unga zimetengenezwa kwa ajili ya kufulia, na hukausha ngozi zikitumiwa kuogea. Dodoki lisisuguliwe kwa nguvu, likaushwe baada ya kutumika, na kila mtu awe na lake. Baada ya kuoga ni muhimu kukausha katikati ya vidole vya miguu, kwa kuwa fangasi hupenda unyevu.

Kupaka mafuta. Wakati bora ni mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na mafuta ya shea, yatokanayo na mti unaoota kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, hayaongezi maji katika ngozi, bali huyazuia yaliyomo yasitoke. Hii ndiyo njia rahisi ya kuzuia ngozi kupauka, hasa majira ya kipupwe na katika nyanda za juu zenye baridi kama Njombe. Bei kubwa si dalili ya ubora. Kwa ngozi kavu, mafuta yasiyo na manukato huwa salama zaidi.

Chunusi. Chunusi hutokea pale vitundu vya ngozi vinapoziba kwa sebamu na seli zilizokufa, kisha bakteria kuongezeka ndani yake. Huanza hasa wakati wa kubalehe kwa sababu ya homoni. Si dalili ya uchafu. Uso uoshwe kwa upole mara mbili kwa siku, bila kusugua, na mafuta mazito yasipakwe usoni. Kuminya chunusi huongeza uvimbe na kuacha madoa meusi ambayo katika ngozi nyeusi huweza kukaa miezi mingi. Madoa hayo kwa kawaida hufifia yenyewe yakikingwa na jua. Dawa za chunusi zenye benzoili peroksidi husaidia, lakini zinahitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kuonyesha matokeo kamili.

Kunyoa. Ndevu za kujikunja zikikatwa karibu mno na ngozi huweza kurudi na kuchoma ngozi zinapoota, na kuleta vipele vya ndevu shingoni na kidevuni. Husaidia kunyoa kwa kufuata upande nywele zinakoelekea, kuacha ndevu fupi badala ya kuziondoa kabisa, au kuziacha ziote. Kwa kinyozi, wembe uwe mpya kwa kila mteja na mashine isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Wembe wenye damu unaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI.

Kujikinga na jua

Karibu na ikweta miale ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima, hasa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nguvu yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu mtu anaweza kuungua na jua mlimani hata hewa ikiwa baridi. Mawingu mepesi hayazuii miale hiyo yote.

Ngozi nyeusi ina kinga kubwa kuliko nyeupe, lakini si kamili. Jua huweza kuleta madoa, mikunjo na, kwa nadra zaidi, saratani. Kinga iliyo rahisi kupatikana ni nguo: kofia pana, mikono mirefu, kanga au mtandio, na kivuli. Mafuta ya kujikinga na jua yenye alama ya SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya aina ya UVB yakipakwa ya kutosha, na yanapaswa kupakwa upya kila baada ya saa 2 kwa mtu aliye nje.

Kwa watu wenye ualbino jambo hili ni la kufa na kupona. Miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa, na saratani ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa sana kikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia. Kinga inatakiwa kuanza utotoni: mtoto avae kofia pana na mikono mirefu, akae mbali na dirisha lenye jua darasani, asilazimishwe kufanya kazi za shambani mchana, na achunguzwe ngozi mara kwa mara. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na huko pia yametengenezwa mafuta ya kujikinga na jua mahsusi kwa watu wenye ualbino. Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuelimisha watu kuhusu hali hiyo.

Mazoea ya kutunza nywele

Kuosha na kuchana. Nywele za kipilipili huweza kuoshwa mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, kutegemea jasho na vumbi. Anayetoka jasho jingi au kufanya kazi penye vumbi huhitaji kuosha mara nyingi zaidi. Zichanwe zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kichwani. Kuchana nywele kavu kwa nguvu ni miongoni mwa sababu za nywele kukatika na kuonekana kana kwamba hazikui.

Kusuka. Misuko hulinda nywele ikiwa haibani. Msuko unaovuta sana, hasa wenye nywele za bandia nzito, hung'oa nywele kidogo kidogo katika mashina yake. Dalili za mwanzo ni maumivu, vipele vidogo kwenye mistari na nywele kupungua pembeni mwa paji la uso. Kama msuko ukifumuliwa mapema, nywele huota tena. Ukiachwa na kurudiwa kwa miaka, mashina hufa na upara hubaki daima. Kwa hiyo msusi aombwe kulegeza, na msuko unaouma ulegezwe siku hiyohiyo badala ya kutulizwa kwa dawa za maumivu. Ni vizuri kufumua baada ya wiki 6 hadi 8 na kuzipumzisha nywele kabla ya kusuka tena. Watoto wadogo wanafaa misuko ya mistari michache ya nywele zao wenyewe.

Dawa za kunyoosha na joto. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina hidroksidi ya sodiamu au alkali nyingine kali, zinazovunja viunganishi vya keratini. Zikikaa muda mrefu kuliko ulioandikwa, huunguza ngozi ya kichwa na kukata nywele. Anayezitumia asiziweke kichwani penye kidonda, asikune kichwa siku chache kabla, apake nywele mpya zilizoota tu, na aache wiki 8 au zaidi kati ya mara moja na nyingine. Macho yalindwe, na watoto wasipakwe. Pasi ya nywele nayo isitumiwe kwenye nywele mbichi wala kila siku.

Mba na mapunye. Mba ya kichwani huhusiana na hamira aina ya Malassezia inayoishi juu ya ngozi na kula mafuta yake. Kwa hiyo kupaka mafuta mengi huficha magamba tu, wala hakutibu. Shampuu yenye ketokonazoli au zinki husaidia zaidi. Mapunye ni fangasi wa kichwani wanaowapata hasa watoto, na huenezwa kwa vitana, taulo, kofia na mashine za kunyolea. Krimu peke yake haifiki ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya.

Chakula na mwenendo wa maisha

Ngozi na nywele huonyesha mapema upungufu wa lishe. Mtoto asiyepata protini ya kutosha huweza kupata kwashakoo: mwili huvimba, ngozi hubanduka, na nywele huwa chache, laini na za rangi nyekundunyekundu. Upungufu wa vitamini C huleta kiseyeye, na upungufu wa niasini, unaowapata watu wanaoishi kwa mahindi karibu peke yake, huleta pelagra, yenye vidonda kwenye sehemu zinazopigwa na jua. Upungufu wa madini ya chuma huweza kufanya nywele zipungue.

Tiba yake ni mlo mchanganyiko: maharagwe, kunde, dagaa, mayai, nyama au maziwa, mboga za majani kama mchicha na matembele, na matunda kama machungwa, mapera na maembe. Mtu anayekula hivyo kwa kawaida hahitaji vidonge vya nywele. Vitamini A ikizidi huweza yenyewe kusababisha nywele kudondoka. Kuvuta sigara huharakisha mikunjo ya uso, na kukosa usingizi na wasiwasi wa muda mrefu huweza kuzidisha ukurutu na chunusi.

Vipodozi vya asili vya pwani

Wakazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana desturi ndefu ya kujipamba. Liwa, inayosagwa kutokana na mti wenye harufu nzuri, hupakwa usoni na mwilini. Singo ni mchanganyiko wa maua na viungo vyenye harufu ambao bibi harusi husuguliwa kabla ya arusi. Mafuta ya nazi hutumika kwa nywele na mwili. Hina ya majani ya mhina hutoa rangi nyekundu au ya kahawia, na kwa watu wengi haileti madhara.

Tofauti ipo kwa piko, rangi nyeusi inayochorwa pamoja na hina. Kwa kawaida ni dawa ya kutia nywele rangi yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Juu ya ngozi kemikali hiyo huweza kuleta mzio mkali, malengelenge na makovu. Mtu aliyewahi kupata mzio huo anaweza kuupata tena kwa ukali zaidi atakapotia nywele rangi hata miaka mingi baadaye.

Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi

Mkorogo ni jina linalotumika Tanzania kwa mchanganyiko wa krimu, losheni na dawa unaokorogwa ili kuifanya ngozi iwe nyeupe. Matumizi yake yanahusiana na imani kwamba weupe ni uzuri au hadhi, na wengine huanza kwa nia ya kuondoa madoa ya chunusi tu. Vitu vitatu hupatikana mara nyingi ndani yake.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo na mfumo wa neva, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unakataza vipodozi vilivyoongezwa zebaki.

Haidrokwinoni ni dawa ambayo madaktari huitumia kwa muda mfupi kutibu madoa. Ikitumiwa kwa miaka bila usimamizi huweza kuleta okronosi: ngozi ya mashavu hugeuka kuwa nyeusi ya buluu, na hali hiyo ni vigumu sana kutibika. Baada ya watu wengi kupata madhara hayo, Afrika Kusini ilikataza haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Steroidi kali kama klobetasoli hutibu ukurutu zikiandikwa na daktari. Zikipakwa mwili mzima kila siku, ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, chunusi na fangasi, na vidonda huchelewa kupona, hata vile vya upasuaji. Kiasi kinachoingia kwenye damu huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari.

Anayetaka kuacha amwone mtaalamu wa afya kwanza, kwa kuwa kuacha steroidi ghafla baada ya muda mrefu huweza kuleta wekundu, maumivu na uchovu mkubwa wa mwili. Baada ya kuacha, melanositi huanza tena kazi na rangi ya asili hurudi polepole kwa watu wengi. Kipodozi kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala alama ya shirika la viwango, kama TBS nchini Tanzania au KEBS nchini Kenya, hakifai kununuliwa.

Wakati wa kumwona daktari

Mazoea mazuri hayachukui nafasi ya matibabu. Inafaa kwenda kituo cha afya kama kuna:

- baka lenye rangi hafifu au nyekundu lisilohisi mguso, ambalo huweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaotibika kabisa ukiwahiwa;
- kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja, hasa kwa mtu mwenye ualbino;
- doa jeusi linalokua au kubadilika, pamoja na lile la unyayoni au mstari mweusi chini ya kucha. Kwa watu weusi saratani iitwayo melanoma hutokea zaidi sehemu hizo; mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu;
- muwasho unaozidi usiku na kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja, ambao mara nyingi ni upele na hutibiwa kwa wote pamoja;
- nywele zinazodondoka kwa mabaka au kuacha ngozi yenye kovu;
- upele wa ghafla wenye malengelenge, homa au vidonda mdomoni baada ya kumeza dawa, hali ambayo ni ya dharura.

Tazama pia

- Ngozi
- Melanini
- Ualbino
- Lishe
- Hina